Singeli: kasi mpaka wapi?

Biti ya singeli ya mapigo 240 kwa dakika hupiga mara nne kila sekunde. Wapo maprodyuza wanaoona hata hiyo ni ndogo, wanafika 300. Upande wa pili wapo wanaotaka kasi ishuke ili maneno yasikike na wimbo upenye redioni. Kila upande una hoja yake, ila ili kuipima lazima kwanza tujue biti yenyewe inavyoundwa.

Singeli ilikulia uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye miaka ya 2000, ikitokana na mchiriku (muziki wa mtaani wa kinanda kidogo na ngoma) na vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha. DJ alichukua sehemu ya taarabu isiyo na uimbaji, akaikimbiza, na aliyeshika maiki akaghani juu yake. Mpaka leo msingi ni huo: kipande kifupi cha kinanda kinazungushwa, ngoma inapangwa juu yake kwenye programu za kompyuta kama Fruity Loops au Virtual DJ, kisha MC anaingia.

Makosa mengi huanzia kwenye kukimbiza kile kipande. Ukikitoa mapigo 120 ukakipeleka 240 kama unavyokimbiza kanda, sauti inapanda oktava nzima. Kinanda kikipanda hivyo kinapendeza, kinakuwa na ule ukali wa singeli. Sauti ya mtu inageuka ya katuni. Ukiiagiza programu iongeze kasi bila kupandisha sauti, inakatakata mawimbi na kuyaunga upya, na ngoma iliyomo ndani inapoteza makali. Kwa hiyo chagua kipande chenye kinanda au gitaa tupu, punguza besi yake yote, halafu jenga ngoma yako mwenyewe.

Nayo ngoma ina hesabu yake. Kwenye 240, kutoka pigo hadi pigo ni milisekunde 250. Ngoma yenye mkia wa milisekunde 400 itakuwa bado inavuma wakati inayofuata inaingia, na spika za mtaani zitatoa ngurumo moja isiyokatika. Ifupishe hadi 100 hivi. Mwangwi pia uondoe, labda uache kidogo tu kwenye sauti ya MC.

Sasa turudi kwenye mvutano. Wanaotetea kasi wanasema mwili haudanganyi: kwenye kigodoro watu wanacheza biti, na ukiishusha hadi 160 imeshakuwa muziki mwingine. Hoja hiyo ina uzito. Mkusanyiko wa nyimbo za singeli uitwao Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliwafikia wasikilizaji wa Ulaya wasiojua hata neno moja la Kiswahili, na kilichowashika ni kasi.

Lakini singeli ya nyumbani ni ya maneno. Wasanii kama Msaga Sumu na Dulla Makabila wanapendwa kwa wanachosema: vijembe, ugumu wa maisha, mapenzi ya mtaani. Kiswahili kinawabeba, kwa kuwa karibu kila silabi inaishia na irabu na ulimi hauna pa kujikwaa, isipokuwa kwenye maneno kama “mbwa” na “nywele”. Hata hivyo kinywa kina mwisho wake. Kwa silabi mbili kila pigo, biti ya 240 inadai silabi nane kwa sekunde. MC mzuri anaziweza. Biti ya 300 inadai kumi, na hapo MC analazimika kuachia silabi moja kila pigo, yaani tano kwa sekunde. Biti imeongezeka kasi, yeye amepungua, na mashairi yamebaki vibwagizo na kelele za kuwaita watu.

Kwangu mimi, biti isiyo na MC ipandishwe itakavyo. Yenye MC ifuate kinywa chake. Mwanzishe kwenye 200, mpe mistari minane aliyoizoea, ongeza mapigo kumi kila mzunguko. Sikiliza silabi ya pili kutoka mwisho wa kila neno, ile yenye mkazo: ikianza kuangukia nyuma ya ngoma, au akianza kumeza mwisho wa mstari ili avute pumzi, rudi hatua moja na urekodi hapo.