Acheni barafu, safisheni filamu kwa joto la Mtwara

Vijana wa hapa Mtwara wanaorudi kwenye kamera za filamu wananiambia jambo moja: huku pwani joto kali, mkanda hausafishiki, labda upelekwe Arusha. Sikubali hata kidogo. Capital Art Studio, studio ya picha ya Zanzibar, ilifunguliwa mwaka 1930, na joto la Unguja si dogo.

Shida ni kung'ang'ania nyuzijoto 20 zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Mtu anatafuta barafu, anaizungushia chupa ya divelopa, dawa inayotokeza picha, mpaka kipimajoto kisome 20, halafu filamu hiyohiyo anaiosha kwa maji ya bomba ambayo Novemba yanakaribia 28. Hapo ndipo anapoweza kuiua. Jelatini inayobeba picha huvimba ikiloa, na ikitolewa ghafla kwenye baridi ikatiwa kwenye joto inaweza kujikunja na kufanya mipasuko midogomidogo kama tope la bwawa lililokauka. Printi sura ya bibi yako uone: shavu zima limeharibika, na hakuna dawa ya kulirudisha.

Joto likiwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, filamu inavumilia. Jioni jaza beseni kubwa maji ya bomba, tumbukiza chupa zote, na weka ndoo ya maji ya kuoshea kando yake. Alfajiri pima. Ikisoma 27, fanya kazi kwa 27.

Kinachobadilika ni muda. Kwa makadirio, kila nyuzijoto moja inayozidi 20 punguza asilimia 10 ya muda uliobaki. Filamu ya nyeusi na nyeupe ya HP5 Plus kwenye divelopa ya ID-11 isiyozimuliwa huchukua dakika 7 na nusu kwa nyuzijoto 20. Kwa 27 zinabaki kama 3 na nusu. Ni chache mno, dawa haiwahi kuenea na anga linatoka na mabaka. Izimue kwa maji kiasi sawa: hapo muda wa nyuzijoto 20 ni dakika 13, na kwa 27 zinashuka hadi 6 hivi, na unageuza tangi bila papara. Jaribu kwanza kwa mkanda wa picha za mtaani, usianze na harusi ya dada yako.

Filamu ikiwa bado mbichi usiifute kwa vidole, maana kwenye joto hili jelatini ni laini na ukucha tu unaikwangua. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe. Ikikauka kabisa, ifungie na silika jeli, vile vipakiti vya kufyonza unyevu, kwa sababu unyevu wa bahari huleta ukungu.