Msome Aliyekupa Nyota Tatu

Kila muuzaji wa mtandaoni ninayefahamiana naye hapa Mombasa anajua wastani wa nyota anazopewa na wateja, kati ya tano, bila kufungua simu. Atakwambia 4.6, au 4.8, na akiwa na 4.9 atakwambia kabla hujamuuliza. Lakini muulize wale waliompa nyota tatu walisema nini, walikuwa wamenunua nini, na mzigo wao ulipita njia gani. Wengi hunyamaza. Naandika haya kwa sababu tunafuatilia namba moja kwa bidii kubwa, na maneno ambayo yangetusaidia tunayaacha yapite.

Mimi nauza leso (wengine huziita kanga) na madera. Mengi yanakwenda Nairobi, Nakuru na Eldoret, machache yanavuka bahari kwa ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani. Mali naichukua Biashara Street, na biashara ya leso pale ilikuwa na njia yake ya kujua muuzaji mzuri tangu zamani. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza hapa Mombasa mwaka 1887, ilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla" iliyochapishwa kwenye leso zenyewe, na hadi leo kuna akina mama wanaotafuta maandishi hayo kwanza, bei baadaye. Sifa ilisafiri pamoja na kitambaa. Leso ikimchujia mteja, alijua arudi duka gani, na mwenye duka aliyasikia malalamiko kwa masikio yake, mbele ya wateja wengine. Sisi wa mtandaoni mteja hatumwoni uso. Kilichobaki cha kutuunganisha naye ni yale maneno mawili matatu anayoyaandika chini ya nyota, na hayo ndiyo tunayoyapita mbio.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo inayotutia hofu. Chukua muuzaji mpya mwenye tathmini 12, zote za nyota tano. Mteja wa 13 anampa nyota moja. Wastani unashuka kutoka 5.0 hadi 4.69. Ili afikie 4.9 anahitaji wateja 27 mfululizo, kila mmoja ampe tano bila kukosa. Muuzaji mwenye tathmini 200 za tano akipewa nyota moja hiyo hiyo anashuka hadi 4.98, na hakuna atakayeona tofauti. Mteja aliyeudhika ni mmoja, kosa ni moja, adhabu mbalimbali kabisa.

Kwa duka kubwa hatari inageuka. Duka lenye tathmini 1,000 na wastani wa 4.8, likipata tathmini 30 mpya zenye wastani wa 4.0, jumla yake itakuwa 4.78, na kwenye skrini itasomeka 4.8 vile vile. Yaani kazi yako inaweza kuharibika kwa wiki kadhaa na ile namba unayoiangalia kila asubuhi isikwambie kitu. Ndiyo maana naona kila muuzaji ajihesabie mwenyewe tathmini zake 30 za mwisho kando na wastani wa jumla. Baadhi ya masoko makubwa ya mtandaoni yameshaliona hili. Amazon, kwa mfano, haipigi wastani wa nyota kwa hesabu ya kawaida tu, huangalia pia tathmini ni ya karibuni kiasi gani na kama mtoaji alinunua kweli. Sisi hatuna mitambo, lakini daftari tunalo.

Sasa kwa nini nyota tatu? Kwa sababu aliyekupa tano huandika "nzuri" au "asante dada", na Mungu ambariki, lakini hapo hujapata la kufanyia kazi. Aliyekupa moja mara nyingi ameandika akiwa na hasira, na hasira hiyo huenda ni ya mvua, ya basi au ya rida, yule mwenye pikipiki anayepeleka mizigo. Wa nyota tatu ameipenda bidhaa, kuna jambo limemkwaza, na ametulia kiasi cha kulieleza. Tena huyu ni adimu. Mwaka 2009 watafiti Nan Hu, Paul Pavlou na Jie Zhang walieleza jinsi tathmini za bidhaa mtandaoni zinavyochora umbo la herufi J: tano nyingi mno, moja kadhaa, na katikati pembamba. Waliofurahi sana huandika, waliokasirika sana huandika, na wa wastani hukaa kimya. Kwa hivyo mtu wa katikati akijitokeza kusema, anawasemea wengi ambao hawakusema.

Nitoe mfano wa leso, maana huko ndiko nilikojifunza mengi. Sisi watu wa Pwani tunajua kwamba doti ni leso mbili zilizoshikana, hazijakatwa wala kupindwa. Unanunua, unapeleka kwa fundi au unapinda mwenyewe nyumbani. Hakuna mtoto wa Kibokoni anayehitaji kuelezwa. Lakini mteja wa Nakuru anayenunua kwa mara ya kwanza anafungua mzigo, anakuta kitambaa kimoja kirefu, ncha hazijashonwa, na anaandika: "Kitambaa kizuri ila mmenitumia kabla ya kumaliza kushona." Nyota tatu. Mtu wa haraka atacheka na kusema mteja hajui leso. Kweli hajui, na ni nani aliyekuwa na nafasi ya kumjulisha? Muuzaji, pale kwenye maelezo ya bidhaa, kabla hajalipa. Leo maelezo yangu yanasema wazi kwamba doti inakuja bila kukatwa, na anayetaka iliyokatwa na kupindwa anachagua hapo hapo na bei yake anaiona.

Rangi ni hivyo hivyo. Leso mpya ni ngumu kwa wanga, na yenye nyekundu nzito au zambarau huweza kuchuja mwosho wa kwanza. Mama zetu huiloweka kwanza kwenye maji ya chumvi, peke yake, mbali na nguo nyeupe. Mteja asiyejua anaitupa kwenye mashine pamoja na shuka. Karatasi ndogo ndani ya mzigo yenye sentensi mbili inaokoa shuka zake, na inaokoa nyota.

Halafu kuna jina la leso, yaani maneno yaliyochapishwa kwenye kitambaa, na hapa naomba wauzaji wenzangu tusikie vizuri. Wengi hupiga picha ua na pindo, jina halisomeki. Mteja anachagua kwa rangi, anamnunulia mama mkwe, na siku ya kumkabidhi ndipo wanasoma pamoja: "Hasidi hana sababu." Jamani! Huku kwetu leso hutumwa kusema lile ambalo mdomo umeshindwa kulisema. Nyumba inaweza kununiana mwaka mzima kwa doti moja. Mteja wa namna hiyo huenda akakupa nyota tatu na neno moja tu, "maandishi". Ukitazama wastani utaona umeshuka kidogo. Ukisoma lile neno moja na kujiuliza lina maana gani, utaanza kuandika jina la kila leso kwenye maelezo, herufi kwa herufi.

Kwa madera malalamiko makubwa ni urefu. Tunaandika "saizi moja kwa wote" kana kwamba wanawake wote wana kimo kimoja. Andika sentimita kutoka begani hadi chini, basi.

Jambo linaloniuma zaidi ni nyota tunazopewa kwa kazi isiyokuwa yetu. Mzigo unatoka Mwembe Tayari kwa basi la usiku ukiwa mkavu na umefungwa vizuri, unafika Nairobi, unalala mahali siku mbili, anachukua rida, unafika ukiwa umelowa au umechanika. Mteja anafungua programu na anaulizwa swali moja tu: nyota ngapi? Hana pa kusema leso ni nzuri lakini usafirishaji ni mbaya. Anatoa mbili, na zile mbili zinakaa kwenye jina langu.

Na hili si jambo gumu kurekebisha. eBay, soko la mtandaoni ambalo lilianza 1995, ilifika mwaka 2007 ikaanza kumuuliza mnunuzi mambo manne mbalimbali: bidhaa ililingana na maelezo? Muuzaji aliwasiliana vipi? Ilitumwa kwa wakati? Gharama ya usafiri ilikuwa ya haki? Amazon nayo, pale inaposafirisha mzigo yenyewe na mteja akamlaumu muuzaji kwa ucheleweshaji, huchora mstari juu ya lawama hiyo na kuandika kwamba jukumu ni lake. Hiyo ni haki ya kawaida kabisa. Masoko yanayofanya kazi hapa kwetu yanatukata kamisheni kwa kila mauzo. Kuongeza swali moja la usafiri kando na swali la bidhaa hakutawafilisi.

Najua kuna atakayesema, dada, wewe zungumza hivyo lakini nyota zikishuka watoto watakula nini? Swali ni la haki. Nyota ni pesa. Mwaka 2006 Paul Resnick na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwenye eBay na muuzaji wa postikadi za zamani. Postikadi za aina moja ziliuzwa kwa jina lake lenye sifa ya muda mrefu, na pia kwa majina mapya yasiyojulikana. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi kwa jina lenye sifa. Lakini katika jaribio hilo hilo waligundua kwamba muuzaji mpya mwenye lawama moja au mbili hakupata bei ya chini kuliko muuzaji mpya asiye na lawama. Nawaomba dada zangu wanaoanza, wanaolia usiku kwa nyota moja ya kwanza, walishike hilo. Na kituo cha utafiti cha Spiegel katika Chuo Kikuu cha Northwestern kilionyesha mwaka 2017 kwamba uwezekano wa mtu kununua hufikia kilele wastani ukiwa kati ya 4.0 na 4.7, kisha hupungua ukikaribia 5.0. Wanunuzi si wajinga. Duka lisilo na doa hata moja linawatia wasiwasi.

Wasiwasi huo tumeuleta wenyewe. Kuna vikundi vya WhatsApp ambako wauzaji wanapeana nyota tano: nunua kwangu kitu kidogo, nami ninunue kwako, tupandishane. Wengine wanalipa. Mimi nalipinga hili waziwazi, hata mbele ya marafiki. Ni uongo kwa mtu anayetoa pesa yake ya M-Pesa akiamini kwamba wenzake wametangulia kujaribu. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwelezea mteja bidhaa kwa uongo, na Marekani mwaka 2024 ilitunga kanuni inayokataza moja kwa moja kuuza na kununua tathmini bandia. Tusingoje kufuatwa na sheria. Zaidi ya hayo, muuzaji aliyejinunulia nyota amejiziba masikio: zile tatu zenye maneno ya kweli zimezikwa chini ya tano za marafiki, na yeye mwenyewe hajui tena ni ipi ya kusoma.

Baya kuliko hilo ni kumpigia mteja simu. Umempata kwa sababu aliandika namba yake ili aletewe mzigo. Kuitumia usiku kumlilia, kumlaumu, au kumwambia utamrudishia pesa akiifuta nyota, ni kumvunjia heshima, na namba ile hakuitoa kwa kazi hiyo. Mteja mwanamke anayeishi peke yake anapigiwa na mtu mwenye hasira anayejua mlango wake uko wapi. Tujiweke katika nafasi yake. Kama bidhaa ilikuwa na kasoro, mrudishie pesa kwa sababu ni haki yake, nyota ikae ilipo. Kisha mjibu pale pale hadharani, kwa lugha ya staha, useme umebadilisha nini. Mteja wa kesho anasoma jibu lako kwa makini kuliko lawama.

Daftari langu lina safu chache: tarehe, bidhaa, nyota, maneno ya mteja kama alivyoyaandika, njia ya mzigo, na nilichobadilisha. Jina na namba ya mteja siviweki. Mwisho wa mwezi naweka alama kwenye kila lawama: hii ni ya bidhaa, hii ni ya maelezo yangu, hii ni ya njiani. Za bidhaa nazipeleka kwa aliyeniuzia mali. Za maelezo nazirekebisha siku hiyo hiyo. Za njiani nimeanza kuzikusanya pamoja na wauzaji wenzangu wa Kisauni na Bondeni, na kila mwezi tunaziandikia soko letu barua moja yenye idadi, tarehe za kukabidhi na tarehe za kufika, tukidai lile swali la usafiri litenganishwe. Bado hatujajibiwa. Barua ya mwezi huu iko tayari, na muuzaji yeyote wa Mombasa mwenye orodha yake ya lawama za njiani anakaribishwa kuiongeza.