Msinitajie mapipa, nitajieni mitambo

Kila kiwanda cha kusafisha mafuta kinapotangazwa, tunatajiwa mapipa. Hoima nchini Uganda ni mapipa 60,000 kwa siku. Cha Dangote kule Lekki, Nigeria, ni 650,000. Watu wanapiga makofi, magazeti yanaiweka namba kwenye kichwa cha habari, na mjadala unaishia hapo. Kwa maoni yangu, katika namba zote za biashara hii, hiyo ndiyo inayotueleza machache zaidi. Na sisi Wakenya tulipaswa kuwa wa mwisho kubabaishwa nayo, kwa sababu ya kiwanda chetu cha Changamwe, Mombasa, tuliyaona kwa macho yetu.

Kiwanda cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, kikaongezewa mtambo wa pili mwaka 1974. Kilisafisha mafuta ghafi kutoka Ghuba, yakiwemo ya Murban ya Abu Dhabi, hadi Septemba 2013 kilipozimwa. Leo matangi yake yanahifadhi mafuta yaliyosafishwa na watu wengine. Si kwamba mafuta ghafi yaliadimika, na bandari iko pale pale Kilindini. Kasoro ilikuwa kwenye mitambo.

Mafuta ghafi huchemshwa hadi nyuzijoto kama 350 za Selsiasi, kisha huingizwa kwenye mnara mrefu. Mvuke hupanda, na kila kitu hutulia kwenye kimo chake: gesi ya kupikia juu kabisa, chini yake nafta, halafu mafuta ya taa na ya ndege, halafu dizeli. (Mafuta ya taa na dizeli ni majirani humo mnarani, ndiyo maana wachakachuaji huyachanganya bila taabu, na ndiyo maana mwaka 2018 Kenya ilibandika tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa.) Nafta hupelekwa kwenye mtambo uitwao rifoma, ambako kichocheo chenye platini huipandisha okteni, yaani uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati ndani ya injini, ikawa petroli inayofaa kwa gari. Dizeli nayo hupitishwa kwenye haidrojeni ili ipunguzwe salfa.

Kinachobaki chini ya mnara ni kama ukoko wa sufuria: mazito, meusi, yenye salfa nyingi. Changamwe iliishia hapa. Viwanda vya aina hiyo huitwa vya haidroskimingi, yaani hutenganisha kilichomo ndani ya pipa na kukinyoosha kidogo, basi. Ukoko wake ukauzwa kama mafuta mazito kwa mitambo ya umeme, viwanda na meli. Tatizo ni kwamba mafuta mazito kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko yale ghafi uliyoyanunua. Sehemu kubwa ya kila pipa ilikuwa hasara tangu meli inatia nanga.

Dawa yake inajulikana tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, nayo ni kraka, mtambo unaovunja molekuli ndefu za ukoko zikawa fupi, yaani petroli na dizeli. Ni mtambo wa gharama kubwa. Kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa mwaka 2009, ikapiga hesabu za kukiboresha kiwanda kwa zaidi ya dola bilioni 1, kisha ikaamua hailipi. Miaka hiyo yote kampuni za mafuta zilikuwa zimefungwa na sheria kupitisha sehemu ya mafuta yao Changamwe, na tofauti ya gharama ikamsubiri mwananchi kwenye pampu. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaweka kiwango kipya cha salfa kwenye dizeli kuanzia mwaka 2015, sehemu 50 kwa milioni. Hata kama kiwanda kingekuwa hai, kwa mitambo ile kisingefua dafu.

Kipo kipimo kinachoonyesha haya kwa tarakimu moja. Kinaitwa faharasa ya Nelson. Mnara peke yake hupewa 1, na kila mtambo wa ziada huongeza alama kulingana na gharama yake. Dangote anatangaza 10.5. Jamnagar ya India inatajwa kwenye 21, ndiyo maana inaweza kununua mafuta machafu ya bei rahisi na bado ikatoa dizeli safi. Namba hiyo ndiyo ningependa kuisikia kwenye hotuba za mawaziri wetu.

Hoja ya pili inayonikera ni kwamba tukisafisha wenyewe bei itashuka. Itashukaje? Kiwanda kinaishi kwa pengo kati ya bei ya ghafi na bei ya bidhaa. Wafanyabiashara hulipima kwa kanuni ya 3-2-1: mapipa matatu ya ghafi, mawili ya petroli, moja la dizeli. Bei zote hizo hupangwa na soko la dunia. Mwenye kiwanda Hoima hana sababu ya kuniuzia chini ya bei ya soko, labda aniachie kidogo kwenye nauli ya meli na bomba.

Mafuta ya Uganda yana salfa kidogo, jambo zuri, lakini yana nta nyingi kiasi kwamba bomba la kilomita 1,443 kwenda Tanga linabidi lipashwe moto yasigande. Basi tuambiwe: ukoko wa Hoima utavunjwa au utauzwa kama ulivyo? Na kama utauzwa, nani atanunua?

Ahadi kwamba kiwanda cha Hoima kitatuletea pia viwanda vya plastiki ndizo siziamini kabisa. Mapipa 60,000 kwa siku ni kama tani milioni 3 za ghafi kwa mwaka. Tuseme asilimia 15 ni nafta, na yote ikapelekwa kwenye plastiki badala ya petroli. Utapata ethilini, gesi inayotengenezewa plastiki, tani laki moja na nusu hivi. Mitambo mikubwa ya ethilini inayojengwa siku hizi hutoa tani milioni 1 au zaidi kwa mwaka. Mbolea ya urea nayo, ambayo hutiwa kwenye kapu hilo hilo la ahadi, viwanda vingi huitengeneza kwa gesi asilia. Gesi hiyo iko Songo Songo na Mnazi Bay nchini Tanzania, haihitaji mnara wa Hoima.