Jua kilo zako, halafu zitaje

Mie nimechoka na haya maneno ya "ukiamua unaweza". Yako kila mahali, nyuma ya matatu za Kisauni yameandikwa kwa rangi, kwenye stetasi za Whatsapp kila asubuhi, hata mtoto wa darasa la nne keshaanza kuambiwa. Si kweli jamani. Kuna mambo utaamua kwa roho yako yote na hutayaweza, na mtu akikwambia vyengine anakuandalia maradhi. Nasema hivi kwa uchungu manake nawaona watu wazuri, wachapakazi, wanaisha hapa Mombasa wakijaribu kufikia mambo ambayo hayafikiki, na hakuna hata mmoja anayewaambia punguza.

Chukua mtoto wa kwanza. Ukubwa jalala, wazee walishasema. Akipata tu kibarua bandarini au kwenye ofisi ya kuklia mizigo, yaani kuipitisha forodhani, hata kama kazi yenyewe ni kukimbiza makaratasi, basi kodi ya nyumba ya mamake ni yake, karo ya wadogo zake ni yake, dawa za presha za bibi, mchango wa matanga ya mtu ambaye hata hamjui vizuri, na mjomba wa Kwale naye ana kesi ya shamba. Akienda Saudia ndo zaidi, watu wanadhani kule pesa zinaokotwa, dada wa watu anafua na kupika toka alfajiri mpaka usiku wa manane na huku nyumbani keshachorewa ramani ya nyumba ya vyumba vinne. Hakuna aliyemuuliza analipwa ngapi. Hilo ndo linaloniuma zaidi, kwamba haya matarajio yote yamejengwa bila hesabu, hakuna aliyekaa chini na kalamu akaandika kinachoingia ni hichi na kinachotakiwa ni hichi.

Kazi yangu inanikutanisha na madereva wa malori kila siku, na nimejifunza kitu kwao. Trela likitoka Mombasa kwenda bara haliendi mbali kabla halijapimwa, pale Mariakani kuna mizani, na sheria ya Afrika Mashariki iko wazi, trela la ekseli saba mwisho wake ni tani 56. Ukizidisha unazuiwa, unapunguza, unalipa faini. Na hakuna anayeliambia lori lijitume, hakuna anayesema lori halina imani, manake kila mtu anajua ukilizidishia breki hazitashika kwenye mteremko na wataumia watu ambao mzigo haukuwa wao. Na angalia vizuri hio hesabu, hizo tani 56 ni pamoja na uzito wa gari lenyewe! Kabla hujapakia hata gunia moja gari tayari lina tani zake. Binadamu ni hivo hivo, ana usingizi wake, ana chakula chake, nauli yake, maumivu yake ya mgongo, huzuni zake, hizo zinahesabiwa kwanza halafu ndo tuone imebaki nafasi gani. Sisi tunapakia kwanza, na yule mwenye kubeba tunamuhesabu mwisho, kama tutamkumbuka.

Na tafadhali msiniambie dini inataka mtu ajitoe mpaka aishe. Aya ya mwisho ya Suratul Baqara tunaisoma kila siku, wengine kila usiku kabla ya kulala, na inasema wazi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Hija ni nguzo ya dini na bado ni kwa mwenye uwezo tu. Kwenye saumu mgonjwa na msafiri wanafungua, watalipa siku nyengine. Sala, asiyeweza kusimama anakaa, asiyeweza kukaa anasali amelala. Zaka ndo naipenda zaidi kwenye hili jambo, manake imewekewa nisabu, mpaka mali yako ifike thamani ya gramu 85 za dhahabu hivi, na ikae mwaka mzima, na hata ikifika unatoa asilimia 2.5, si yote. Sasa ikiwa haki ya Mungu ina kiwango cha kuanzia na ina asilimia yake, huyu ami anayetaka mshahara wako wote tarehe moja kaupata wapi huo uwezo? Jirani yangu Mkristo nae aliniambia habari za Musa, alivyokuwa anakaa kuamua kesi za watu toka asubuhi mpaka jioni peke yake, mpaka mkwewe Yethro akamwambia kazi hii imekuzidi, utachoka wewe na hawa watu, gawa. Musa huyo! Akasikia, akagawa.

Kuna watu nikiongea hivi wanamtaja Kipchoge, yule mkimbiaji wetu wa marathoni, kwamba yeye alisema hakuna binadamu mwenye kikomo. Mie nampenda Kipchoge sana lakini naomba tuangalie ile siku yenyewe. Tarehe 12 Oktoba 2019, Vienna, alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40, sawa. Alikuwa na wakimbiaji 41 wa kumshikia mwendo wakipokezana, wengine mbele wengine nyuma, gari mbele linamulika barabarani pa kukanyaga, njia imechaguliwa tambarare, siku yenyewe imechaguliwa kwa kuangalia hali ya hewa. Na kwa sababu ya hayo yote haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Sisemi ili kumpunguzia, nasema manake yule anayekwambia wewe huna kikomo hajakuletea watu 41, amekuletea maneno tu. Halafu Agosti 2024, olimpiki ya Paris, Kipchoge huyohuyo mgongo ulimkamata, akafika kilomita ya 30 na kitu akaanza kutembea, akasimama, akawagawia watu wa pembeni viatu vyake. Bingwa wa olimpiki mara mbili. Kwangu mimi ile ilikuwa heshima kubwa kuliko hata Vienna, alijua mwili umesema nini akauheshimu mbele ya dunia nzima.

Halafu haya mawaidha ya kujituma yana ubaya mwengine ambao hauzungumzwi sana. Yanamfanya mtu abebe lawama za mambo ambayo hayakuwa mikononi mwake. SGR, ile reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, ilianza kubeba mizigo 2018, mwaka 2019 serikali ikatoa amri mizigo inayoingia iende kwa treni mpaka Nairobi ikakliwe huko, watu wakaandamana hapa mjini, na tunajua wote ilivyokuwa, madereva wakakaa, matanboi wao wa kuwasaidia kwenye malori wakakaa, gereji na vibanda vya chakula vya Changamwe mpaka Miritini vikafungwa kimoja kimoja, maofisi yakapunguza watu. Septemba 2022 rais mpya alipoapishwa ndo akatangaza shughuli zirudi Mombasa. Sasa hio miaka katikati, kuna wanaume nawajua mimi, watu wa kuamka saa kumi alfajiri maisha yao yote, walikaa nyumbani wakajiona wao ndo wabovu. Wake zao wakawaona hivo, wakwe wakawaona hivo. Mtu anaambiwa angalia mwenzako kajenga Mtopanga wewe umezembea nini. Hakuzembea! Kazi ilipandishwa treni. Ukimfundisha mtu kwamba kila kitu ni juhudi yake, siku mambo yakiharibika hana pa kuyaweka ila kifuani mwake, na baadhi yao presha na sukari zilianzia hapo, mie naamini hivo kabisa.

Najua kuna atakayesema sasa hio si ni kuwapa wavivu kisingizio. Nimelifikiria hilo. Mvivu simuongelei, mvivu hajawahi hata kukaribia kikomo chake na hana habari kiko wapi. Naongea na yule ambaye keshafika na keshapita, halali usiku, kichwa hakiishi kuuma, anawafokea watoto kwa kikombe kilichomwagika, mkopo wa simu analipia mkopo wa simu mwengine, presha akipimwa zahanati imeshapita ile 140 kwa 90 na bado anaambiwa kaza. Huyo hahitaji kukaza. Anahitaji mtu mmoja wa kumwambia umefanya vya kutosha, weka chini hicho na hicho.

Na si pesa peke yake. Kuna ndoto pia, na hizi ni ngumu zaidi kuziacha manake hakuna mtu mwengine wa kumlaumu. Kijana alitaka udaktari tangu yuko mdogo, matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yametoka ana C, na digrii inataka C+ kwenda juu, udaktari ndo kabisa. Wazazi wanataka arudie, harambee ifanywe, arudie tena. Mie nauliza, kuna mtu amemuuliza yeye mwenyewe? Pengine ni fundi mzuri wa friji, pengine ataenda diploma ya maabara atulie. Lakini kabla hajafika huko anahitaji kuililia ile ndoto kidogo, na aachwe alie. Tunakimbilia kumwambia usikate tamaa kabla hata hajapata nafasi ya kuhuzunika, na ile huzuni haiendi popote, inakaa.

Ninachotaka mimi ni kitu kidogo tu, watu waseme kiwango chao mapema na kwa sauti. Sisi watu wa pwani tuna haya sana kusema hapana, tunasema nitaangalia, tunasema inshallah huku moyoni tunajua hakuna kitu, na mwenzio anakaa anangojea, anapanga mambo yake juu ya hio ahadi. Kumtajia mtu kiasi halisi ni kumheshimu. "Kila mwezi mie naweza elfu tatu, si zaidi" inauma kusikia siku moja, lakini mama anajua la kufanya na elfu tatu. Na wewe yeyote unayemtegemea mtu, muulize anaweza ngapi kabla hujamuandika kwenye daftari la mchango.

Kwetu harusi ya mdogo wangu ni mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Kikao cha kwanza niliwaambia mie nabeba mchele na mbuzi wawili, ukumbi na mapambo sina uwezo nayo, na sitakopa. Khalati mmoja, dada ya mama, aliguna, tangu siku ile salamu zake ni za juu juu, na nampenda vilevile na kiwango changu ni kilekile. Kikao cha pili ni Ijumaa baada ya sala, ukumbi bado hauna mwenyewe, ikikosekana tutafunga turubai pale uwanjani mbele ya nyumba, na kila anayekuja naomba aje na kiasi chake anachokiweza kweli.