Utafiti wa tiba nao uulizwe kuhusu umeme?

Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa mwaka 2024 vituo vya data vilitumia takriban terawati-saa 415, kama asilimia 1.5 ya umeme wote duniani, na kwamba ifikapo 2030 kiasi hicho kitazidi maradufu. Wapo wanaosema lawama ziende kwenye matangazo na video, watafiti wa tiba wanaotumia kompyuta za vituo hivyo waachwe wafanye kazi.

Hoja yao ina uzito. Kupata umbo la protini moja kwa eksirei kuliweza kula miezi, hata miaka. Mwaka 2022 hazina ya AlphaFold, programu ya akili bandia inayokadiria maumbo ya protini, ilifikisha makadirio ya maumbo zaidi ya milioni 200, bure kwa yeyote. Hesabu nzito ilishafanyika. Anayehitaji umbo leo analipakua tu.

Ila kazi nyingi za wingu, yaani zinazofanywa kwenye kompyuta za mbali kupitia mtandao, haziendi hivyo. Jason Grealey, Loïc Lannelongue na wenzao walipima mwaka 2022 kaboni inayotokana na uchambuzi wa kawaida wa data za kibiolojia. Kwenye BOLT-LMM, programu inayosaka uhusiano wa jeni na magonjwa, kuhama kutoka toleo la 1 hadi la 2.3 kulipunguza kaboni kwa asilimia 73. Swali lile lile, na robo tatu hivi ya gharama ikatoweka kwa kusasisha programu! Kumbukumbu ya kompyuta (RAM) nayo hula umeme kwa kiasi ulichotengewa, si ulichotumia. Anayeomba gigabaiti 128 kwa kazi ya 16, eti isije ikakwama, anaongeza matumizi bure.

Wenye matumaini hukumbusha kuwa kati ya 2010 na 2018 kazi ya vituo vya data iliongezeka zaidi ya mara sita huku umeme ukipanda kwa asilimia 6 tu. Ni kweli, lakini hesabu ikiwa rahisi hurudiwa ovyo, na makadirio ya 2030 hayaonyeshi utulivu ule.

Kwangu mimi, ukubwa wa fungu la tiba katika umeme huo si hoja. Kamati za maadili humbana mtafiti aeleze kwa nini anahitaji panya wote hao. Saa za seva mara nyingi huulizwa bei tu. Ombi la fedha za utafiti litaje toleo la programu, kumbukumbu itakayotengwa, na mahali matokeo yatakapowekwa ili mwingine asiyarudie. Hilo la mwisho ndilo gumu: jenomu ya mgonjwa, yaani taarifa zote za jeni zake, haimwagwi hadharani kama umbo la protini. Kinachoweza kutolewa ni majumuisho, yaani takwimu za kundi zima badala ya za mgonjwa mmoja mmoja, na hayo hayana sababu ya kufichwa.