Tufukie bonde la Luiche, au mashimo yetu wenyewe?

Mvua zikishakolea, vijiweni Ujiji hoja hurudi ileile: bonde la Luiche, pale mto unapoingia Ziwa Tanganyika, ndilo linalotuzalishia mbu, likaushwe, watu wapumzike na homa. Wengine hujibu kwamba bonde hilohilo ndilo linalowapa mpunga.

Wanaotaka likaushwe hawapayuki tu. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 uliukuta mkoa wa Kigoma ukiongoza nchini: takriban mtoto mmoja kati ya wanne walio chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa kama 7 kwa kila 100. Na Anopheles funestus, mmoja wa waenezaji wakubwa wa malaria, hupenda maji ya kudumu yenye matete na magugu. Hapo bonde halina utetezi.

Ila Anopheles gambiae, mwenezaji mwingine mkubwa wa malaria, ana mapenzi mengine. Yeye hutafuta dimbwi dogo, la muda, linalopigwa jua, lisilo na samaki wa kumlia watoto. Chukua upawa uchote maji kwenye shimo lililochimbwa udongo wa matofali, lililojaa mvua ya wiki iliyopita. Viluwiluwi vinavyolala sambamba na uso wa maji, kama vijiti, ni vya Anopheles. Vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wengine, mara nyingi Culex, wale wa kwenye makaro. Hata alama ya kwato ya ng'ombe, maji yasiyojaza kikombe, humtosha gambiae. Kukiwa na joto, siku kumi hivi yai limeshakuwa mbu anayeruka.

Ndiyo maana kukausha nusunusu kunanitia hofu. Mfereji ukichimbwa na kuachwa uzibe, kinamasi chenye samaki kinageuka madimbwi mia yasiyo na samaki. Majaruba nayo yana lawama yake, hasa mpunga ukiwa mchanga na maji bado yako wazi juani. Lakini sijaona mtu akipendekeza tuache wali.

Kuna dawa ya kibayolojia inayotengenezwa Kibaha, ya bakteria wanaoua viluwiluwi bila kudhuru samaki. Ni nzuri, ila Shirika la Afya Duniani hushauri dawa za namna hiyo pale mazalia yalipo machache, yasiyohamahama na rahisi kuyapata. Luiche wakati wa masika haina hata sifa moja kati ya hizo. Shimo la matofali nyuma ya nyumba linazo zote tatu.

Kwa hiyo mimi naanza na mashimo, na wa kwenye matete tupambane naye kwa chandarua. Ugumu ni kwamba mfyatuaji hulipwa kwa tofali. Kufukia hakuna anayemlipa, na kumzuia kuchimba ni kumnyima ugali. Mtaa ungeweza kumwekea sharti moja tu: kabla ya kuchimba shimo jipya, aonyeshe la msimu uliopita lilipofukiwa.