Bora Ugomvi wa Tunis Kuliko Minong'ono ya Kwetu

Desemba 2024, dereva wa teksi aliyenichukua Barabara ya Habib Bourguiba hapa Tunis alinibishia njia nzima kwamba jopo la majaji la Hany Abu-Assad lilikosea kuhusu Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu ya Tamasha la Filamu la Carthage la hapa. Alimtaja muongozaji huyo wa filamu wa Kipalestina kama sisi tunavyomtaja mwamuzi wa mechi ya Simba na Yanga, akaiponda ladha yake, lakini hakusema hata mara moja kwamba kuna aliyepokea bahasha ya kaki. Nilifurahi, kisha nikaona wivu.

Kwetu Dar es Salaam mabishano ya tuzo huanzia pengine: nani ni shemeji wa mratibu, mdhamini alimtaka nani, na nani alikuwa na salio la kutosha kujipigia kura kwa meseji. Majaji husomwa harakaharaka kabla mgeni rasmi hajapanda jukwaani, na hotuba yake ikiisha hakuna anayekumbuka kama walikuwepo. Abu-Assad, kinyume chake, ana filamu zake ambazo watu wa hapa wameziona na kuzijadili, kwa hiyo akikosea wanajua wa kumlaumu na wamlaumu kwa lipi.

Nimeshaanza kuzisikia sauti: huyu kakaa Uarabuni kidogo tu, sasa anatudharau. Sidharau. Tamasha la Carthage lilianzishwa na Mtunisia Tahar Cheriaa mwaka 1966 kwa ajili ya sinema za Kiarabu na za Kiafrika pamoja, na Tanit ya Dhahabu ya kwanza aliichukua Ousmane Sembène, Msenegali. Wala sijalogwa na nchi hii. Februari 2023, Rais Kais Saied alipotoa matamshi yake makali dhidi ya wahamiaji wanaotoka kusini mwa Sahara, nilikuwa nikienda kununua mkate huku nikigeuka nyuma kila hatua. Watu wanaompigia makofi Mwafrika ndani ya ukumbi wa sinema waweza kumnyima chumba cha kupanga, na hayo yote mawili nayasema.

Mwingine atadai kwamba Waarabu wana fedha. Tunisia hii ninayoishi? Fedha ziko Jeddah, Saudi Arabia, ambako Desemba hiyohiyo ya 2024 tamasha la filamu la Bahari ya Shamu lilimweka muongozaji Mmarekani Spike Lee kuongoza jopo lake, na jopo hilo likampa tuzo yake kuu, Yusr ya Dhahabu, Mtunisia Lotfi Achour kwa filamu ileile iliyompatia Tanit. Majopo mawili yasiyofanana hata mifuko yaliishia kwa mtu mmoja, jambo ambalo, nikiri, halikumnyamazisha dereva wangu.

Hoja ninayoiheshimu ni moja: watengenezaji filamu wakihukumiana wenyewe kwa wenyewe, jaji wa leo ni mshindani wa mwakani, na huenda wanagawana mtayarishaji mmoja. Ni kweli. Ila jaji ambaye jina lake limefichwa naye ana marafiki, tofauti ni kwamba sisi hatuwaoni. Pia mtu aliyewahi kuokoa tukio bovu katika uhariri hutambua lilipookolewa, na macho hayo mgeni rasmi hana.

Mbona husemi ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar? Nasema, tena kwa fahari: Ngome Kongwe usiku, watazamaji wamekaa chini ya anga, tuzo ya Jahazi la Dhahabu ikigombewa na filamu za nchi za jahazi, yaani zilizounganishwa na majahazi ya Bahari ya Hindi, za Kiarabu zikiwemo, na waongozaji wakiwa miongoni mwa majaji. Hilo ndilo linalonikera zaidi, kwamba ujuzi huo uko mwendo wa boti wa saa mbili kutoka Dar es Salaam na bado tunaambiwa tupige kura kwa meseji.

Anayeniambia nirudi nikaandae tuzo zangu, sina fedha hizo. Nikiitwa ujaji, hata hivyo, nitataka jina langu na orodha ya kazi zangu vichapwe kwenye kadi za mwaliko, ili rafiki nitakayemnyima tuzo ajue mlango wa kuja kugonga.